Wote Mmetoka?

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukaegemezwa kwenye ukuta wa jengo la ghorofa tatu, karibu na mlango mkubwa. Chini palikuwa na duka la magodoro, kibanda cha mshonaji na vyumba vichache; juu walikaa watu na familia zao. Mama Birika aliuza kahawa pale mwanzo wa ngazi, jiko lake la mkaa limejibanza mahali upepo usipofika. Wateja wake walikuwa walewale wa kila asubuhi. Randa, seremala, aliyevaa penseli sikioni hata siku asiyo na kazi. Cheche, mchomeleaji, mwenye shati lililotobokatoboka kama chujio. Redio, mlinzi wa jengo, aliyezipata habari kabla hazijatokea. Na Pindo, mshonaji, mtu mpole, aliyekunywa kahawa sikio likiwa kibandani, asije akapitwa na mteja. Asubuhi hiyo wateja hawakuwapo, na bado hakutulia. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, macho yanapanda mpaka dirisha la ghorofa ya pili, yanashuka, yanapanda tena.

— Yule binti wa buti aliyeingia sasa hivi, alisema Redio, ndiye mkaguzi wa moto.

— Moto gani? Hapa hapajaungua, alisema Randa.

— Ndiyo kazi yenyewe, anakuja kabla. Anapita chumba kwa chumba anatazama moto unaweza kuanzia wapi, nani atakuwa ndani, na huyo mtu atatokaje.

— Utatazamaje kitu ambacho hakijaja?

— Wana pua, bwana. Wanafundishwa. Akiingia chumba kitakachoungua mwakani, anapiga chafya.

— Basi asikae karibu na mimi, alisema Cheche. Atapiga chafya mpaka jioni.

— Punguzeni sauti, alisema Mama Birika. Yuko hapo juu ngazini, anawasikia.

Cheche alinyoosha miguu. Yeye, alisema, hakuwa na wasiwasi wowote.

— Moto unapanda. Nimefanya kazi na moto maisha yangu yote, sijauona hata siku moja unashuka ngazi. Mimi chumba changu kiko chini.

— Kwa hiyo sisi wa juu tuungue kwa niaba yako, alisema Mama Birika.

— Mama, mimi sijapanga hivyo. Moto ndio una majivuno. Unataka juu tu.

— Na mbao je? Randa alidakia. Watu wanazisingizia mbao bure. Mbao ngumu haiungui, inakasirika tu. Inafura, inakuwa nyeusi, basi. Kinachoungua ni rangi waliyoipaka.

— Randa, wewe kitanda chako cha kwanza kiliungua kwa mshumaa mmoja, alisema Cheche.

— Kile nilikipaka rangi.

Redio aliweka kikombe chini, ishara kwamba sasa yanakuja mazito.

— Nyinyi mnacheza. Mnajua hasa kwa nini wamemleta? Jengo linapimwa ili liuzwe. Hao wanunuzi hawataki vyumba, wanataka paa. Paa litakuwa uwanja wa kutua ndege.

— Ndege itatua juu ya nguo za watoto zilizoanikwa? aliuliza Mama Birika.

— Helikopta. Ile haihitaji nafasi. Inashuka kama inzi.

Walicheka. Pindo naye alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa, kama cha mtu aliyengoja kutafsiriwa.

Mle juu, nyuma ya lile dirisha la ghorofa ya pili, alikaa dada yake. Wote jengoni walimwita Dada, hata wale waliomzidi umri. Mama yao alipofariki, Pindo alikuwa mdogo wa kufungiwa vifungo vya shati. Dada akaacha shule, akaenda kufua mashuka ya hospitali, akamlea mdogo wake kwa mikono iliyokunjamana kwa maji na sabuni, mpaka siku alipomnunulia cherehani. Sasa mambo yalikuwa yanamtoka kichwani moja moja, kama wageni wanaoondoka bila kuaga. Majina yalitangulia. Kisha siku za juma. Kilichogoma kutoka ni kazi. Mara kwa mara alitupia taulo begani, akasema zamu yake imefika, akashika njia. Mara ya mwisho walimkuta mbali kabisa, kwenye kituo kikuu cha mabasi, nyayo zimechubuka, anawauliza makondakta iliko dobi ya hospitali. Dobi hiyo ilikuwa imefungwa siku nyingi.

Tangu hapo, Pindo akishuka kufanya kazi, alifunga mlango kwa kufuli. Alipanda mara kwa mara kumtazama, akampelekea chakula, wakala pamoja. Hakuona kama anamfungia. Aliona kama anamshika mkono kwa mbali.

Ila alijua vizuri kwamba mlango uliofungwa kwa nje si kitu cha kumwonyesha mkaguzi wa moto. Aliogopa jambo moja: kwamba mkaguzi angeuliza, kisha wangeuliza wakubwa wake, na mwisho wa maswali yote Dada angehamishiwa kwenye nyumba ya wazee, alale katikati ya watu asiowajua, ambao nao hawajui kwamba chai yake lazima ipozwe kwanza.

Buti zikasikika ngazini. Mkaguzi alitokea, kijana bado, kofia ngumu kwapani, jasho puani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti. Karibu kahawa, alisema Mama Birika.

— Asante, mama. Nitakunywa, lakini jiko lako lisogee. Likimwaga makaa hapo, wa juu wote wamekatiwa njia.

— Nitalisogeza kesho.

— Tulisogeze leo, mama. Mimi nitashika upande huu.

Wakalisogeza pamoja mpaka nje ya mlango, na Mama Birika akabaki na ugomvi aliojiandalia. Mkaguzi akajipangusa mikono.

— Na hayo magodoro yaliyorundikwa kwenye njia ya chini, mwenyewe nimeshazungumza naye. Sasa kuna jambo moja silielewi. Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho. Una kufuli kwa nje. Anakaa nani?

Randa alinywa kutoka kwenye kikombe kisicho na kitu.

— Pale ni stoo, alisema Pindo.

— Stoo ya nini, baba?

Mshonaji wa watu, ulimi ulimpeleka palipo karibu.

— Vitambaa.

Kama angesema sufuria, angepona. Kama angesema vigae au chupa tupu, mkaguzi angeitikia kwa kichwa akaendelea na yake. Lakini alikuwa amechagua kitu ambacho mkaguzi wa moto anakitafuta hata usingizini.

— Vitambaa vingi?

— Si vingi.

— Pamba au nailoni?

— Mchanganyiko.

— Stoo ya nailoni katikati ya vyumba vya kulala. Hiyo lazima niione kwa macho, baba. Ikishika moto, moshi wake unawalaza watu kabla hawajajua wamelala.

Benchi liliona mwenzao anazama, likamrukia kumwokoa.

— Vyenyewe ni vibichi, alisema Redio.

— Vitambaa vibichi?

— Vimelowa, binti. Paa lilivuja. Hata ukitia kiberiti haviwezi.

— Na vingine vina nyuzi za chuma, aliongeza Cheche. Nimeviona mimi mwenyewe. Vizito.

— Vimelowa na vina chuma, alisema mkaguzi taratibu.

— Ni mitindo mipya, alisema Randa.

Mkaguzi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyesikia mengi katika majengo mengi.

— Sawa. Nitaviona. Lakini kwanza tufanye jaribio. Nitapiga kengele. Kila aliyemo ndani atoke kama kweli panaungua, asibebe kitu, aje hapa. Hapa kwenye benchi ndipo mtakusanyikia.

— Hapa? Redio alikaa wima. Kwa hiyo benchi hili sasa linatambulika?

— Linatambulika, mzee.

— Mmesikia. Tumetambulika.

Mkaguzi akaingia ndani, akabonyeza kengele ya ukutani. Ilikuwa na sauti mbaya, ya kukwaruza, na jengo zima likashtuka. Watu wakaanza kutoka. Mama mmoja na povu la sabuni mpaka viwikoni. Kijana aliyenyoa shavu moja. Watoto wakikimbia kwa furaha, wakidhani shule imekufa. Pindo alikuwa ameingia kibandani kusaka kitu asichokijua; kengele ikamtoa, naye akaja akasimama benchini kama wengine. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwake. Hakuugusa.

Kengele ikanyamaza. Mkaguzi akasimama mbele yao.

— Wote mmetoka?

— Wote, alisema Redio.

— Wote, akasema Randa, na Cheche, na Mama Birika.

— Wote, ikasema sauti nyingine, na Pindo akaitambua kuwa ni yake.

Ndipo ikasikika sauti kutoka juu, tulivu, ya mtu asiyetaka kusumbua.

— Na mimi nishuke?

Nyuso zote ziliinuka. Dada alikuwa amesimama nyuma ya nondo za dirisha la ghorofa ya pili, uso kati ya vyuma viwili, taulo begani. Aliwatazama wote pale chini, wengi vile, kama mtu anayetazama harusi ambayo hana hakika kama amealikwa.

— Naona mmetoka wote. Na mimi nishuke, au niendelee kungoja?

Mama mwenye povu alificha mikono nyuma. Watoto wakanyamaza kwa sababu wakubwa wamenyamaza.

— Stoo inaongea, alisema mkaguzi kwa sauti ya chini.

— Ni dada yangu, alisema Pindo.

— Naona, baba.

— Ananipotea. Nikimwachia mlango ananipotea. Mara ya mwisho tulimkuta anavuja damu miguuni. Wewe hukumwona. Usinichukulie, nakuomba. Niandike mimi vyovyote utakavyo, yeye usinichukulie.

— Sikuja kumchukua mtu. Kazi yangu ni kuuliza mtu atatokaje, siyo akae wapi. Nani aliweka zile nondo dirishani?

Cheche alikuna shingo.

— Mimi. Nilimpa Pindo bure, hata sikumwambia niliponunua chuma. Niliogopa Dada atachungulia sana akaanguka. Nondo tu, basi.

— Hazina bawaba. Hazifunguki.

— Nilitaka ziwe imara.

— Na lile komeo la juu ya mlango, juu ya kufuli?

— Langu, alisema Randa. Pindo alisafiri msibani, kufuli likawa bovu. Nikasema nisiache mlango hivihivi. Komeo moja tu.

— Na mnyororo kwenye mlango wa ngazi za nyuma?

Redio alishusha macho.

— Siku moja nilimkuta ameshika ngazi zile peke yake, giza, hakuna pa kushikilia. Roho ikaniruka. Nikatafuta mnyororo. Mnyororo tu, binti.

— Mimi ni viatu, alisema Mama Birika, kabla hajaulizwa. Nilimshauri Pindo avifiche viatu vyake. Nilisema, mtu mzima haendi mbali bila viatu. Kumbe alikwenda.

Pindo alikuwa anayajua yote hayo. Kila moja alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na usiku wake akalala vizuri zaidi. Lakini hakuwahi kuyasikia yakitajwa pamoja, mfululizo, mchana kweupe, na Dada mwenyewe yuko dirishani anasikiliza.

— Hakuna hata mmoja wenu aliyefanya vibaya, alisema mkaguzi. Mnampenda kweli. Ila mmempenda mpaka mmemziba. Twende tukamfungue, baba.

— Mimi ninao ufunguo. Ningepanda mara moja. Kufumba na kufumbua.

— Basi tufumbe.

Walipanda, Pindo mbele, mkaguzi nyuma yake, na benchi lote likafuata ingawa halikuitwa. Kwenye mlango wa mwisho mkaguzi akamwomba afumbe macho na kupiga magoti.

— Moshi ukijaa hapa, huoni mkono wako. Hewa ya kuvuta itakuwa huku chini tu. Simfanyii mtu mzima maskhara, baba. Nataka mikono yako ijue itakavyokuwa.

Pindo alifumba macho. Vidole vyake vilikuwa na sifa mtaa mzima. Vilitia uzi kwenye sindano yeye akimtazama mteja usoni. Akautafuta ufunguo mfukoni, ukaja pamoja na ufunguo wa kibanda na kipande cha chaki. Akalipata kufuli. Ufunguo ukagonga chuma, ukateleza, ukagonga tena. Akajaribu ule mwingine, nao haukuingia. Nyuma yake alisikia watu wanapumua. Akaanza kutokwa jasho kana kwamba kweli kunaungua.

— Nani hapo? iliuliza sauti ya Dada, karibu sana, upande wa pili wa mbao.

— Mimi.

— Wewe nani?

— Mdogo wako.

— Mbona unahangaika hivyo?

— Mlango, Dada. Haufunguki.

— Usilie, alisema Dada. Wala hakuwa amesikia kilio. Kilikuwa bado kifuani.

— Usiharakishe, aliendelea, utaumia vidole. Vuta pumzi kwanza. Haya. Shika kwa mkono mmoja, mwingine usukume. Kama kifungo cha shati. Nimekuonyesha.

— Umenionyesha.

— Basi. Mimi nipo. Siondoki.

Akavuta pumzi. Akashika kwa mkono mmoja, akasukuma kwa mwingine. Kufuli likafunguka. Kisha akasimama, bado macho yamefumbwa, akapapasa mlango mpaka juu, na komeo la Randa likagoma, maana rangi ilikuwa imelikaza, na bila macho Pindo hakujua pa kulipiga. Randa mwenyewe alilazimika kuja kulipiga kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, na alipofanikiwa akajifuta uso kwa mkono wa shati.

— Fumbua, baba, alisema mkaguzi.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu sakafuni. Alimtazama mdogo wake aliyeloa jasho, akachukua taulo begani mwake akamfuta paji la uso.

— Mkubwa mzima, alisema. Mlango tu.

Mama Birika alivua ndala zake, akaziweka mbele ya miguu ya Dada, akashuka yeye peku.

Benchini walimpa Dada nafasi ya katikati. Watu wengine walikuwa wamerudi vyumbani, lakini kwa mwendo wa polepole, wanageuka nyuma. Mama Birika alimmiminia kahawa kidogo, akaipuliza mpaka ikapoa, kisha akamkabidhi. Pindo alikaa pembeni ya dada yake, goti kwa goti. Mkaguzi alikaa kwenye tofali, kofia mapajani.

— Kufuli lisiwepo kabisa, alisema. Badala yake kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo. Na komeo litoke.

— Litatoka leo, alisema Randa.

— Dirisha lifunguke kwa ndani.

— Nitatia bawaba, alisema Cheche. Kabla jua halijazama.

— Mnyororo usirudi. Badala yake wekeni kitu cha kushikilia ngazini, na taa.

— Ule mnyororo nimeshausahau, alisema Redio. Mnyororo gani?

— Mlangoni kwake mnaweza kutundika kengele ndogo. Akifungua, mnasikia. Na akishuka, mmoja wenu anakuwa anajua.

Pindo alisikiliza yote, akaitikia yote. Kisha akauliza lile lililokuwa limebaki kooni.

— Na nikiwa na mteja, kengele ikalia, mimi nikachelewa kuinuka? Akatoka akapotea?

Mkaguzi alitazama kofia yake.

— Hilo sijafundishwa, baba.

— Moshi umefundishwa.

— Moshi, ndiyo. Ngazi, milango, nyaya, mitungi ya kuzimia moto. Hilo la kwako, kusema kweli, hakuna aliyetufundisha.

Redio alikuwa na la kusema, na wote waliona linapanda kooni. Kwamba kuna nchi ambako watu wa namna hii wanavalishwa saa yenye king'ora. Kwamba kuna mbwa wanafundishwa kuwatafuta. Alianza, — Kuna nchi moja..., kisha akamwona Dada anavyoishika ile kahawa, akaacha nchi ile ikae ilipo.

Dada alikuwa amemaliza kunywa. Aliwageukia, mmoja mmoja, kwa adabu ya mgeni ambaye amekaa muda wa kutosha na sasa anaweza kuuliza.

— Nilikuwa nataka kuuliza tangu zamani, alisema. Nilikuwa nasikia huyu anagongomea, yule anachomelea. Mlangoni vyuma, dirishani vyuma. Nikasema moyoni, watu hawa wamevamiwa. Maskini, na watoto wamo ndani. Nikawa nakaa kimya ili nisiwaongezee hofu.

Akaweka kikombe juu ya benchi, kwa uangalifu.

— Huyo mwizi mliyekuwa mnamwogopa, mmeshampata?

Randa alitazama matofali. Cheche alitazama viganja vyake. Mama Birika aligeuka kuchokoa makaa ambayo hayakuhitaji kuchokolewa. Pindo alishika mkono wa dada yake, ule uliokunjamana, akaona kwamba akisema ndiyo atakuwa amedanganya, na akisema hapana atakuwa amedanganya pia.

— Bado, eh, alisema Dada, akawahurumia. Mtampata. Nyinyi ni wengi.

Akainuka, akanyoosha gauni.

— Mimi niwaache. Zamu yangu imefika.

Pindo alishtuka, akaanza kuinuka kwa mwendo ule wa siku zote, mwendo wa kuwahi. Mteja alikuwa amesimama kibandani na suruali mkononi, anagonga meza. Kabla Pindo hajajua aende upande gani, Cheche alikuwa ameshasimama, anajipangusa shati lake la matundu.

— Dada, unaelekea wapi?

— Kazini. Hospitali.

— Kumbe njia moja. Hata mimi nakwenda huko.

Cheche hakuwa anakwenda huko. Kazi yake ilikuwa upande wa pili wa mtaa, na vyuma vya mtu vilikuwa vinamngoja.

— Unatembea haraka? aliuliza Dada.

— Mimi mvivu.

— Basi twende.

Wakaondoka, Dada na ndala zilizomzidi ukubwa, Cheche kando yake upande wa barabara. Redio alikaa kidogo, kisha akasema akili zake zimemwambia Cheche hajui vichochoro vya kule, akainuka akawafuata kwa mbali, kama mtu anayekwenda zake.

Pindo alibaki kati ya benchi na kibanda.

— Nenda kamhudumie mtu, alisema Mama Birika. Wakirudi nitakuita.

Mkaguzi alinyoosha kikombe, akaomba ile kahawa aliyokaribishwa asubuhi. Mama Birika aliinamisha birika. Likatoa tone, likatoa mvuke, basi.

— Imekwisha, mwanangu.

— Si kitu, mama, alisema mkaguzi, akaendelea kukaa, anatazama kona ile walikopotelea.